Stempu za kwanza za huku kwetu: soma hii kabla uzioshe

Watu wanatuletea bahasha kuukuu na vitabu vya stempu walivyoachiwa na babu zao, na swali huwa ni lile lile, hii si ni ya zamani, naeza pata pesa ngapi? Wengi wanadhani stempu zetu za kwanza ni zile za uhuru za tarehe 12 Desemba 1963. Hizo ni za kwanza kuandikwa jina Kenya peke yake, sawa, lakini stori inaanza Mei 1890, tena si Nairobi, ni pwani, Mombasa na Lamu.

Wakati huo kampuni ya biashara ya Waingereza ndo ilikuwa inaendesha mambo huko na haikuwa na stempu zake, kwa hivyo zikachukuliwa za Uingereza zenye kichwa cha Malkia Victoria zikapigwa chapa nyeusi juu, BRITISH EAST AFRICA COMPANY, na bei mpya kwa pesa za Kihindi manake pwani watu walikuwa wanatumia rupia. Ya peni 1 ikawa nusu anna (anna ni sehemu ndogo ya rupia), ya peni 2 ikawa anna 1, ya peni 5 ikawa anna 4. Ni hizo tatu tu. Hazikukaa, zikaisha miezi michache baadaye, na hapo watu wakabandika stempu za India vile zilivyo bila chapa yoyote hadi Oktoba 1890 kampuni ilipopata zake zenye jua na taji.

Hapo kwa stempu za India ndo mimi hupenda kusimama na watu kwa sababu ukiitoa kwa bahasha ni stempu ya kawaida kabisa, India zilikuwa tele, lakini ikiwa na muhuri wa Mombasa wa Agosti 1890 hiyo ni kitu kingine na kolekta ataitafuta kwa udi na uvumba. Kinachoifanya iwe yetu ni muhuri tu!

Alafu kuna za 1891. Stempu za bei ya chini zilipungua Mombasa, wakachukua za bei ya juu wakabadilisha bei, zingine kwa mhuri wa mkono na zingine kwa kalamu, na afisa wa kampuni anatia herufi za jina lake kando, A.D. ama A.B. Hebu fikiria, bei ya stempu imeandikwa kwa mkono wa mtu na bado mwandiko unaonekana. Hizo ni adimu sana, na sasa fikiria mtu anaitumbukiza kwa beseni la maji ati anatoa gundi.

Tafadhali usioshe, usikate kona ya bahasha, usibandike na selotepu. Bahasha nzima yenye anwani na mihuri ya njiani inaonyesha barua ilitoka wapi ikapita wapi, na ukishaikata hiyo habari imeenda.

Feki nazo ziko nyingi, ile chapa ya 1890 ilishaigwa zamani sana. Ukiuziwa onlaini stempu yenye muhuri wa Nairobi wa 1892, achana nayo, reli ilifika hapa 1899 na kabla ya hapo hakukuwa na mji. Pia zile za Kenya na Uganda za 1922 na kuendelea za bei kubwa ya pauni, nyingi zilitumika kwa ushuru wa hati, si kwa barua, zikachorwa juu kwa kalamu, na kuna watu walifuta huo wino wakapiga muhuri wa posta wa uongo, kwa hivyo iinue kwenye mwanga uangalie kama karatasi imekwaruzwa ama rangi imefifia mahali.

Zile za Kenya, Uganda na Tanganyika za bei ndogo zenye King George ama Elizabeth ziko kila nyumba na kwa pesa si nyingi, ila kama ziko kwa barua ya familia ziache hapo hapo. Na kama unataka kuona mkusanyo wa maana bila kununua chochote, pitia jumba la Nyaraka za Taifa pale Moi Avenue, Nairobi, kuna stempu za Joseph Murumbi aliyekuwa makamu wa rais, na ukifika soma mihuri kwanza kabla ya picha.