Kufungiwa michoro kwenye klaudi, maana yake nini?

Chukulia umepeleka mahindi yako kwenye ghala la mtu pale Kibaigwa, ufunguo anao yeye, unalipia kila mwezi, hapo hamna ubaya mmeelewana. Sasa ongeza hii: magunia kayashona kwa namna ambayo mkasi wa kufungulia ni wake tu, yaani hata akikwambia haya beba mzigo wako nenda, unafika nao nyumbani na huli kitu. Hiyo ndo kufungiwa kwenye klaudi, yaani kompyuta za kampuni zinazokutunzia mafaili kwa intaneti. Kwa sisi wa CAD, yaani kuchora vifaa kwa kompyuta, ufunguo ni akaunti na bando, mkasi ni aina ya faili, na wengi tunahangaika na ufunguo huku mkasi tumeusahau kabisa.

Hilo mi nilijifunzia karakana, Kizota, Dodoma. Jamaa kaja na pikapu kutoka Kongwa, shafti ya mashine yake ya kukamua alizeti imekatika na msimu ndo umepamba moto, anataka ileile. Mchoro ni wangu na nilijiona mjanja, nimeuweka kwenye flashi. Nachomeka, faili lipo, nabofya, programu inataka niingie kwanza kwenye akaunti, naingia, kumbe malipo yaliisha kitambo kwa hiyo naangalia tu kama picha, kupima hamna, kueksporti (kulitoa kwa aina nyingine ya faili) hamna. Kilichotuokoa ni karatasi iliyobandikwa ukutani, grisi tupu lakini vipimo vinasomeka, kasoro kipenyo cha pale inapokaa beringi maana tulikibadilisha baadaye, ikabidi tukipime upya kwenye kipande kilichovunjika huku mteja kasimama pembeni anatuangalia.

Na masharti yanabadilika ukiwa umelala. Mwaka 2020 kampuni ya Autodesk walibana leseni ya bure ya Fusion 360, programu yao ya CAD ya klaudi, mafaili 10 tu ya kuhariri kwa wakati mmoja, na walitangaza kuondoa hadi kueksporti STEP, aina ya faili ambayo programu nyingine zinaisoma, watu wakapiga kelele wakairudisha hiyo STEP. Siwalaumu sana, ghala ni lao.

Siku hizi nikimaliza kazi natoa faili la programu yenyewe, natoa na STEP, natoa na PDF yenye vipimo vyote. STEP ni kiwango cha kimataifa, ISO 10303, karibu kila programu ya CAD inaisoma, hata FreeCAD ambayo ni ya bure na haihitaji intaneti. Ila msidanganyane, STEP inabeba umbo tu, zile hatua ulizochorea hazimo, tundu utaliona lakini huwezi kurudi nyuma ukabadilisha namba likafuata, ndo maana lile faili la asili nalo silitupi. Aina nyingine ya faili, STL, hapana jamani, hiyo inaligeuza umbo kuwa pembetatu tupu, inafaa printa ya 3D, duara lako linarudi na kona kibao. Kama ni geti la kukata kwa plasma, DXF, yaani faili la mchoro bapa wa mistari, inatosha.

Halafu kitu unachokiona kwenye laptopu ndani ya ile programu ya klaudi mara nyingi ni kache, yaani kumbukumbu ya muda ya programu, sio nakala yako. Zima data, toka kwenye akaunti, lifungue kwa programu nyingine uone. Mi ninazo diski mbili, moja karakana, nyingine home Nkuhungu, maana umeme ukikatika huku ukirudi unarudi na hasira.