Fair Isle: Panga Saa ya Kufika Kabla ya Saa ya Kuondoka

Wanaoniandikia kuhusu kwenda Fair Isle na mashua zao huanza na baridi. Wakimalizana na baridi huhamia kwenye upepo. Mkondo hawautaji kabisa, na mkondo ndio unaoamua kama usiku utalala bandarini au utakipita kisiwa ukikitazama kwa mbali. Kazi yangu ni kufundisha watu kusoma chati na kupanga safari za bahari hapa Uskoti, na majira ya joto yakiruhusu, mimi na Baba Salma hukipitia kisiwa hicho tukitoka visiwa vya Orkney kwenda visiwa vya Shetland, kaskazini mwa Uskoti. Maswali yamekuwa mengi, basi niyajibu yote hapa.

Fair Isle iko peke yake baharini, Orkney upande wa kusini-magharibi na Shetland kaskazini-mashariki. Urefu wake ni kama kilomita 5, wakazi takribani 50. Waingereza wengi hawajawahi kukanyaga huko lakini jina wanalijua, kwa sababu BBC hulisoma redioni kila siku katika taarifa ya hali ya hewa kwa wanamaji: Hebrides, Bailey, Fair Isle, Faeroes. Eneo lote la bahari linalozunguka Orkney na Shetland limepewa jina la kisiwa hiki kidogo.

Tuingie kwenye maji. Mimi nimekulia Unguja, na sisi tuliokulia huko tuna kasoro moja tunapofika bahari za kaskazini: tunapima nguvu ya maji kwa kutazama ufukwe. Kwetu bamvua likifika, yaani siku za maji makubwa, tofauti ya maji kujaa na maji kupwa hukaribia mita 4, na hata mtoto anajua siku ya kwenda kuokota chaza na siku ya kubaki nyumbani. Ukifika Fair Isle unakuta maji yanapanda na kushuka kama mita 2 tu, nawe unaona hapa pana utulivu. Utulivu huo ni wa ufukweni. Nje, kwenye ncha za kisiwa, maji hayo hayo hupita kwa kasi inayoweza kuiacha mashua ndogo inapiga injini bila kusogea.

Sababu yake ni hii. Maji ya kujaa hutokea Atlantiki na kuizunguka Uskoti kwa juu kabla ya kuteremkia Bahari ya Kaskazini. Upande wa magharibi hujaa mapema, upande wa mashariki huchelewa. Basi kuna saa ambapo bahari upande mmoja wa Orkney na Shetland iko juu kidogo kuliko upande wa pili, na maji hukimbilia kwenye upande wa chini kupitia nafasi iliyopo kati ya visiwa. Yanapojaa huelekea kusini-mashariki, yanapopwa hurudi kaskazini-magharibi. Katikati ya nafasi hiyo kimesimama kipande cha mwamba kinachoitwa Fair Isle. Maji yakikigonga lazima yapite pembeni, na yanapobanwa kwenye ncha ya kaskazini na ya kusini huongeza kasi. Upepo ukivuma kinyume cha mkondo mahali hapo, mawimbi husimama wima na kuvunjika hata siku ambayo maili chache tu kutoka hapo bahari ni shwari.

Tena, mkondo wa nje haugeuki saa ileile maji yanapogeuka ufukweni. Ndiyo maana jedwali la maji kujaa na kupwa halitoshi peke yake. Unahitaji atlasi ya mikondo ya Orkney na Shetland, ile inayoonyesha mishale ya saa baada ya saa, na unahitaji kuisoma mezani jioni ya jana, si usukanini huku karatasi inalowa.

Sasa hesabu. Kutoka North Ronaldsay, kisiwa cha mwisho cha Orkney, hadi Fair Isle ni maili 25 na kitu za baharini. Mashua yetu ya matanga huenda maili 5 kwa saa bila kulalamika, kwa hiyo ni safari ya saa tano hivi. Mkondo huelekea upande mmoja kwa takribani saa sita. Tuchukulie unakukata ubavuni kwa wastani wa maili 2 kwa saa: mwisho wa safari utakuwa umesukumwa maili 10 pembeni. Kisiwa chenyewe kina urefu wa maili 3. Hujakikosea kidogo hapo, umekikosa.

Vijana wa siku hizi wanatatua jambo hili kwa skrini. Wanachora mstari kwenye GPS, kisha wanapigana na mkondo kila dakika ili wasitoke kwenye mstari. Mashua inakwenda upande upande, mafuta yanaisha, mtu wa usukani anachoka. Ukivuka katikati ya mgeuko, yaani nusu ya kwanza mkondo unakusukuma kusini-mashariki na nusu ya pili unakurudisha, ni afadhali ushike dira moja tangu mwanzo hadi mwisho na kuuacha mstari. Katikati ya safari utajiona umepotea. Hujapotea. Maji yaliyokuchukua ndiyo yatakayokurudisha, na njia uliyopita ndani ya maji itakuwa fupi kuliko ya mwenzako aliyeng'ang'ania mstari.

Ila kuna mtego, na wanafunzi wangu wengi hunaswa nao kwenye mtihani. Ukiweka mgeuko katikati ya safari, utafika kisiwani karibu saa tatu baada ya mgeuko, wakati mkondo umepamba moto. Umeokoa nusu saa baharini ukaipeleka mashua kwenye ncha ya kusini kwa saa mbaya kuliko zote. Kwa hiyo mimi hufanya hivi: wakati wa maji mafu, mikondo ikiwa dhaifu, hufurahia mgeuko wa katikati. Wakati wa bamvua huanzia mwisho. Natafuta saa ambayo mkondo umetulia kwenye kisiwa, narudi nyuma saa tano, hiyo ndiyo saa ya kung'oa nanga hata kama ni saa tisa usiku. Njia nzima nitasukumwa upande mmoja, basi omo, yaani mbele ya mashua, naielekeza kule mkondo unakotoka tangu maili ya kwanza. Baba Salma ana maneno yake kuhusu saa tisa usiku, siyaandiki hapa.

Habari njema ni kwamba mwezi wa sita usiku wenyewe hauji. Kwenye latitudo ya 59 na nusu jua huzama lakini halishuki mbali chini ya upeo, na mwanga hubaki kaskazini mpaka linapochomoza tena. Isha na alfajiri karibu zinagusana, na wenzetu wa huku hufuata fatwa za nchi za kaskazini za kukadiria nyakati. Mwamba unauona saa sita ya usiku bila tochi.

Misimu mingine utahitaji minara. Iko miwili, yote iliwashwa mwaka 1892, kazi ya ndugu wawili wahandisi, David na Charles Stevenson. Wa kusini humulika mara 4 kila sekunde 30, wa kaskazini mara 2. Hesabu mimuliko kabla hujaamini kwamba umeona ule unaoutaka. Mnara wa kusini ndio uliokuwa wa mwisho Uskoti kukaliwa na walinzi wa taa. Waliondoka Machi 1998 mitambo ilipochukua kazi. Wakati wa vita kuu ya pili ndege za Wajerumani ziliushambulia, na waliokufa ni pamoja na wake wa walinzi na mtoto wa mmoja wao.

Bandari ni moja kwa mtu mwenye akili timamu: North Haven, upande wa mashariki, mdomo wake ukitazama kaskazini-mashariki. Upepo wa kusi na wa magharibi, ambao ndio mwingi, unakingwa na kisiwa chenyewe. Upepo ukigeukia kaskazini-mashariki, au mawimbi marefu yakitoka upande huo hata bila upepo, bandari inakuwa mtego. Mashua hupanda na kushuka gatini, kamba zinalia, dafrao zinasagika. Mimi taarifa ya hewa ikitaja kaskazini-mashariki ndani ya siku mbili zijazo siingii. Nikiwa ndani, natoka.

Gati ni fupi, tena lina wenyewe. Boti ya kisiwa, Good Shepherd IV, ndiyo inayoleta unga, mafuta, barua, dawa na kondoo wa kuuzwa, na hubeba abiria wasiozidi 12. Haiachwi majini ikilala. Huvutwa kwa winchi na kupandishwa chelezoni, kwa sababu dhoruba ya kipupwe ingeivunja palepale gatini. Ilijengwa miaka ya 1980, na mwaka 2023 serikali ya Uingereza ilitenga karibu pauni milioni 27 kwa ajili ya boti mpya na bandari ya kuipokea. Piga hesabu ya fedha hizo kwa watu 50 utaelewa kwa nini wengine walinung'unika. Mimi sinung'uniki. Bila boti hakuna kisiwa: mwalimu hatakuja, muuguzi hatakuja, vijana watahama, na mwisho watabaki kondoo.

Kwa mgeni maana yake ni kwamba unauliza boti inatoka na kurudi lini kabla hujafunga kamba, na ukiambiwa sogea unasogea mara moja. Mashua za wageni hupakana ubavu kwa ubavu, na wa nje hupita juu ya wa ndani kwa miguu mitupu au viatu laini, akipitia omo, si katikati ambako watu wamelala. Chakula njoo nacho. Duka lipo, moja, na ni zuri, lakini boti ikikaa wiki bila kutoka kwa sababu ya upepo, maziwa unayoyanunua wewe ni ya mtoto wa mtu.

Kisiwa hiki kina historia ya wageni waliokuja bila chakula. Mwaka 1588 meli ya Kihispania El Gran Grifón, iliyoongoza kikosi cha meli za mizigo cha ile Armada, kundi la meli za Uhispania lililotumwa kuivamia Uingereza, iligonga miamba hapa ikijaribu kurudi kwao kwa kuzunguka Uskoti. Wanaume karibu 300 walitoka hai wakaingia kwenye kisiwa cha kaya 17. Walikaa wiki kadhaa, na makumi kati yao walikufa kwa njaa na magonjwa. Watalii husimuliwa kwamba hao ndio waliowafundisha wanakisiwa mitindo ya sweta. Siiamini. Mtu anayekufa njaa hafundishi kufuma, na mapambo ya namna hiyo yapo kotekote kwenye nchi za Bahari ya Kaskazini.

Sweta zenyewe lakini ziangalie kwa karibu ukipata nafasi. Igeuze ndani nje. Kila mstari una rangi mbili tu, hata kama kwa mbele unaona rangi tano au sita. Rangi isiyotumika inapita nyuma, inanyooshwa kwa kipimo, kisha inachukuliwa tena. Kwa hiyo kitambaa kina tabaka mbili za sufu bila kuwa kizito. Mvuvi alipata joto la sweta mbili akavaa moja. Nyuzi za nyuma zikikazwa mno sweta hukunjamana, zikilegezwa vidole hunasa unapoivaa, na hapo ndipo fundi hujulikana. Mwanamfalme wa Wales alipovaa moja kwenye gofu mwanzoni mwa miaka ya 1920, dunia nzima ikaiga, viwanda vikachapa. Ya kufumwa kwa mkono kisiwani ina orodha ya kusubiri na bei yake. Nilishangaa bei mara moja, nilipoona saa zinazotumika sikushangaa tena.

Ukishuka, tembea. Kusini kuna mashamba na nyumba, kaskazini ni nyika ya kondoo na ndege. Mti huuoni. Mwaka 1948 George Waterston, aliyekuwa amekinunua kisiwa mwaka mmoja kabla, alianzisha kituo cha kuchunguza ndege, na mwaka 1954 kisiwa kikapita kwa National Trust for Scotland, shirika la kuhifadhi urithi wa Uskoti. Kituo kiliungua moto Machi 2019, na jengo jipya likajengwa. Pafini, wale ndege wafupi wenye mdomo wa rangi, huchimba mashimo kwenye majani ya magenge. Usikanyage ukingoni, unaweza kumbomolea mtu nyumba. Skua mkubwa naye hukushukia kichwani ukikaribia kiota chake. Inua fimbo au mkono juu ya kichwa, yeye hulenga sehemu iliyo juu zaidi. Homa ya ndege ya mwaka 2022 iliwaua wengi mno, kwa hiyo ukimwona anakujia kwa hasira, rudi nyuma mpishe.

Umeme unatoka kwenye mitambo mitatu ya upepo, sola na betri, na tangu Oktoba 2018 upo saa 24. Kabla ya hapo, upepo ukikatika usiku, umeme ulizimika nao.

Kuondoka kwenda Shetland, kanuni ni ileile ya saa ya kufika, na safari hii pia mlango mbaya uko mwisho. Chini ya Sumburgh Head, rasi ya kusini ya Shetland, kuna Sumburgh Roost, mahali ambapo mikondo miwili hukutana na bahari ikachemka kwa maili kadhaa. Njia ni mbili: upite karibu kabisa na rasi, kwenye ukanda mwembamba wa maji tulivu, hali ya hewa ikiwa nzuri na mkondo umetulia, au ukae nje maili 3 au zaidi na kuikwepa yote. Ya kwanza ni fupi na Baba Salma huipenda. Mimi huchagua ya pili ikiwa kuna hata dalili ya upepo wa kusi kupanda, tunafika Lerwick, mji mkuu wa Shetland, tumechelewa saa moja, na chai bado iko kwenye chupa.