Chumvi ya bahari si chumvi ya mezani peke yake

Hapa Mbeya, mbali na pwani, wengi huamini kwamba maji ya bahari ni maji ya kawaida yaliyotiwa chumvi ya mezani. Si hivyo. Kilo moja ya maji hayo ina takriban gramu 35 za chumvi zilizoyeyuka, ambapo kloridi ni kama gramu 19 na sodiamu karibu gramu 11; zinazobaki ni salfeti, magnesiamu, kalsiamu, potasiamu na nyinginezo, na magnesiamu huchangia ule uchungu ambao chumvi ya jikoni haina. Mwaka 1884 mkemia William Dittmar, aliyepima sampuli 77 za maji ya bahari zilizokusanywa na meli ya utafiti ya Challenger, alionyesha kwamba uwiano wa viambato hivyo vikuu karibu haubadiliki baharini.

Linalonivutia zaidi liko kwetu nyanda za juu. Mito huyeyusha madini ya miamba na kuyabeba. Ziwa Nyasa, ambalo hutoa maji yake kupitia mto Shire, limebaki na maji baridi, yaani yasiyo na ladha ya chumvi, ilhali Ziwa Rukwa, lisilo na mto utokao, lina magadi. Bahari nayo haina pa kutolea: maji huondoka kwa mvuke, chumvi hubaki, isipokuwa kwamba kalsiamu nyingi huchukuliwa na kombe na matumbawe.