Hataza za Jeni za Mifugo: Yanayosemwa na Yaliyopo

"Kampuni imejimilikisha nguruwe wote." Kauli hii ilivuma mwaka 2005, Monsanto, kampuni ya Marekani ya mbegu na kilimo, ilipoomba hataza (haki ya kisheria ya kuzuia wengine kutumia uvumbuzi wako) za mbinu za kuzalisha nguruwe, na mpaka leo inarudiwa. Si kweli. Hataza hulinda uvumbuzi ulioelezwa kwenye madai yake, kwa kawaida kwa miaka 20, tena katika nchi ilikotolewa tu.

Hata hivyo, waliopinga walikuwa na haki ya kupinga. Mwaka 2008 Ofisi ya Hataza ya Ulaya iliipa hataza Newsham Choice Genetics, kampuni iliyokuwa imenunua biashara ya nguruwe ya Monsanto. Ilihusu kupima jeni ya kipokezi cha leptini, homoni inayogusa hamu ya kula, kisha kuchagua nguruwe wa kuzalisha. Tofauti za jeni hiyo zimo tayari kwenye mazizi ya watu ambao hawajawahi kuisikia kampuni hiyo! Wafugaji waliandamana Munich, Ujerumani, yaliko makao ya ofisi hiyo, mwaka 2009, pingamizi zikamiminika, na mwaka 2010 hataza ikafutwa.

Wengine husema mnyama hai hawezi kuwekewa hataza. Inategemea nchi. Marekani ilifungua mlango huo mwaka 1987, na mwaka uliofuata panya wa maabara wa Chuo Kikuu cha Harvard akapata hataza. Ulaya hairuhusu hataza kwa mbari za wanyama wala kwa upandishaji wa kawaida, ila mbinu za kiufundi hupita. Mkataba wa TRIPS, ule wa Shirika la Biashara Duniani kuhusu haki za ubunifu, kifungu cha 27.3(b), unaziachia nchi uhuru wa kuwatenga wanyama kabisa.

Dhana inayonisumbua zaidi ni hii: pasipo hataza, mfugaji yuko huru. Tazama kuku wa nyama. Soko la mbegu zao duniani limetawaliwa na kampuni mbili, Aviagen na Cobb-Vantress, na nguvu yao haitegemei hataza. Kifaranga wa kibiashara kwa kawaida hutokana na koo nne, yaani nasaba nne tofauti za kuku. Kampuni hubaki na koo safi, na kwa kila ukoo huuza jinsia moja tu: huu majogoo, ule mitetea. Aliyenunua majogoo wa ukoo fulani hana mitetea wake, kwa hiyo hawezi kuuendeleza. Akijaribu kuzalisha kutoka kwa kuku wa nyama wenyewe, vifaranga hutoka mchanganyiko, hawakui kwa pamoja, na faida inayeyuka. Basi anarudi kununua tena.

Na je, mfugaji atadaiwa kila mnyama wake akizaa? Kwa mnyama aliyelindwa na hataza, Maelekezo ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 1998 yanamruhusu aliyemnunua kihalali kumtumia kwa kilimo chake, lakini si kuuza wazao kama biashara ya uzalishaji. Nje ya Ulaya, soma mkataba wa mauzo kabla ya kusaini, hasa sehemu inayohusu kuuza mbegu za dume au wazao. Huko ndiko masharti mazito hukaa, na hayangoji hataza.