Ubao wa mtoni: chumvi si hoja

Wanaoteleza mawimbini wana imani moja ya siku nyingi: maji ya mto hayana chumvi, kwa hiyo ubao wa kutelezea huko lazima uwe mnene kuliko wa baharini, usije ukazama. Chumvi kweli huongeza uzito wa maji, lakini kwa asilimia 2.5 tu hivi. Ubao wa lita 30 ukizamishwa wote husukumwa juu kwa nguvu ya kilo 30 mtoni, na karibu 30.8 baharini. Tofauti hiyo ni chupa ndogo ya maji.

Kinachobadilisha ubao ni wimbi lenyewe. Wimbi la mtoni, kama lile lililoupa sifa mto mdogo wa Eisbach, mjini Munich, Ujerumani, husimama mahali pamoja na maji ndiyo yanayokimbia chini ya miguu. Hakuna kupiga makasia kwa mikono ili kulidaka wimbi kama baharini, basi urefu mwingi wa nini? Tena wimbi ni fupi na lina mwinuko mkali: ubao mrefu wenye pua (ncha ya mbele) bapa hudumbukia puani, na mpandaji kuondoka nao. Anayeanza kupata maendeleo namshauri ubao mfupi, mpana kiasi, pua iliyopinda juu. Unene aupime kwa uzito wa mwili wake, asiupime kwa chumvi.