Kichocho Unguja na Pemba: yanayosadikiwa na yaliyothibitishwa

Dhana iliyoota mizizi zaidi kuhusu kichocho ni kwamba mtu hukipata kwa kunywa maji machafu, na kwa hivyo mzazi anayechemsha maji ya kunywa huona ameshamkinga mwanawe. Kuchemsha maji ni kinga nzuri ya kipindupindu na homa ya matumbo, lakini kichocho njia yake ni ngozi. Mayai ya minyoo hutoka na mkojo wa mgonjwa, yakafika kwenye maji yasiyo na chumvi na kuanguliwa, na kiluwiluwi kinachozaliwa humwingia konokono mdogo wa majini. Baada ya wiki kadhaa konokono huyo huanza kutoa viluwiluwi vya aina nyingine, vidogo mno, vinavyotoboa ngozi ya mtu kwa muda wa dakika chache. Kijito kinachong'aa hata mchanga wa chini ukaonekana kinaweza kuwa navyo, ilhali baharini havipatikani, kwa sababu konokono huyo haishi katika maji ya chumvi.

Saa ya kuingia majini nayo ina uzito wake. Mgonjwa hutoa mayai mengi zaidi baina ya saa nne asubuhi na saa nane mchana, na konokono huachia viluwiluwi vingi jua linapokuwa kali, yaani wakati ule ule ambao watoto hutoka skuli wakiwa na joto na kukimbilia kukoga mtoni au kwenye mabonde ya mpunga.

Wapo wanaodhani kwamba mvulana akikojoa damu anakaribia utu uzima. Hii ni dhana yenye madhara makubwa, kwa kuwa damu hiyo, ambayo aghalabu huonekana mwishoni mwa mkojo, inatokana na mayai yenye ncha kali yanayopenya ukuta wa kibofu. Mayai yanayonasa humo hukifanya kibofu kikakamae, huweza kuziba njia ya mkojo hadi figo zikaharibika, na tangu mwaka 1994 wakala wa kimataifa wa utafiti wa saratani umeviweka vimelea hivi miongoni mwa visababishi vilivyothibitishwa vya saratani kwa binadamu.

Wanawake wana mzigo mwingine, na hapa ndipo ninapoumia zaidi. Mayai hayo hunasa pia katika mlango wa kizazi na sehemu nyengine za uzazi, yakaleta muwasho, maumivu, kutokwa na damu, na pengine ugumba. Dalili hizo hufanana na za maradhi ya zinaa, na mke au binti akashutumiwa, au akatibiwa maradhi asiyokuwa nayo, hali ya kuwa alichokifanya ni kufua nguo mtoni tangu utotoni. Msichana asiyewahi kumjua mwanamume anaweza kuwa na vidonda hivi.

Kuhusu dawa, wengine huamini kwamba prazikwantel, yaani dawa ya kichocho, inafunga uzazi, na wengine kwamba ukiimeza mara moja umekingika maisha. Yote mawili si kweli. Dawa huua minyoo iliyokomaa, haiui vyema ile iliyoingia mwilini wiki chache tu zilizopita, na haizuii maambukizi mapya. Ndiyo maana hutolewa kwa kurudiwa. Kizunguzungu na maumivu ya tumbo hutokea kwa baadhi ya watu na hupita, na kula kabla ya kumeza husaidia.

Dhana ya kwamba kichocho kimekwisha visiwani ndiyo inayohitaji maelezo marefu, kwa sababu ina chembe ya ukweli. Kuanzia mwaka 2011 hadi 2017 ulifanyika utafiti mkubwa katika shehia 90 (shehia ni eneo dogo la utawala visiwani), 45 za Unguja na 45 za Pemba, ambapo dawa iligaiwa mara mbili kwa mwaka. Baadhi ya shehia ziliongezewa uuaji wa konokono, na nyengine elimu ya tabia iliyoambatana na ujenzi wa vyoo vya kukojolea na majukwaa ya kufulia. Maambukizi yalishuka sana, lakini hayakukatika, na nyongeza hizo mbili hazikuleta tofauti kubwa kuliko dawa peke yake. Zilibaki shehia chache sugu, na kwa hivyo utafiti uliofuata kaskazini mwa Pemba kuanzia mwaka 2020 ulielekeza nguvu huko: kupima watu, kuwafuatilia waliokuwa karibu na mgonjwa, na kuyakagua maji wanayoyatumia.

Wala ukame au joto pekee havitaumaliza ugonjwa huu. Vidimbwi vikikauka baada ya masika, konokono wanaweza kujichimbia katika tope wakangoja mvua. Kweli joto likizidi mno nao hufa, kwa hivyo mabadiliko ya tabianchi yanaweza kupunguza kichocho mahali pamoja na kukizidisha pengine. Hata Ulaya kimewahi kufika: mwaka 2013 watu waliokoga katika mto Cavu, kisiwani Corsica nchini Ufaransa, waliambukizwa.

Hatimaye, si kila konokono ni adui. Konokono wa bustanini hahusiki kabisa. Hata wa majini, huku Unguja anayejulikana kueneza kichocho ni Bulinus globosus, wala si jamaa yake Bulinus nasutus anayefanana naye. Na Pemba wamegunduliwa minyoo ya kichocho cha ng'ombe, kwa hivyo konokono anayetoa viluwiluwi hupimwa vinasaba kwanza ndipo ijulikane kama vimelea alivyonavyo ni vya mtu au vya mnyama.