Umeelewa darasani, kuandika huwezi

Nafundisha programu kwa mwaka wa kwanza wa sayansi ya kompyuta, na lalamiko ninalolisikia zaidi ni hili: "Mwalimu, ukieleza naelewa kila kitu. Nikikaa peke yangu mbele ya kompyuta, sijui nianzie wapi." Anayelisema huwa tayari ameshajihukumu kwamba fani hii si yake.

Chukua algorithimu, yaani mfuatano wa hatua za kutatua tatizo, ya kutafuta kwa kugawa nusu, ambayo hufundishwa mapema sana. Una orodha ya namba zilizokwisha kupangwa kutoka ndogo hadi kubwa, na unatafuta moja. Unatazama ya katikati. Ikiwa kubwa kuliko unayoitaka, unaachana na nusu ya juu, ikiwa ndogo, unaachana na nusu ya chini, kisha unarudia. Orodha ya namba milioni moja huisha kwa kulinganisha mara 20 tu, hata bahati iwe mbaya vipi. Darasa zima huitikia, hakuna swali.

Sasa iandike. Mpaka wa kulia, yaani mwisho wa sehemu ambayo bado unaitafuta, ni nafasi ya mwisho yenyewe, au ile inayoifuata? Mzunguko wa kurudia hatua usimame mipaka inapokutana au inapopishana? Na orodha ikiwa tupu? Ukikosea kwa moja tu, programu huzunguka bila kukoma, au huiruka namba ya mwisho na kudai haimo. Maswali haya hayakuonekana ubaoni kwa sababu mimi niliyekuwa nachora nilikuwa nimeshayajibu kimyakimya. Kufuata jibu la mwingine na kulijenga lako ni kazi mbili tofauti, na mhadhara hukupa ile ya kwanza tu.

Wanaojilaumu mimi huwasimulia yaliyowapata wakubwa. John Mauchly, mmoja wa waundaji wa kompyuta za mwanzo, aliieleza njia hii mwaka 1946, kompyuta zenyewe zikiwa bado changa, na ilipita zaidi ya miaka 10 kabla ya kuchapishwa namna iliyofanya kazi kwa orodha ya urefu wowote. Mwaka 2006, Joshua Bloch, wakati huo akiwa Google, alitangaza kwamba toleo aliloliandika yeye mwenyewe kwenye maktaba (mkusanyiko wa programu zilizo tayari) ya lugha ya Java lilikuwa na kosa lililojificha kwa takriban miaka 9. Lilikuwa kwenye mstari wa kutafuta katikati: jumlisha mpaka wa chini na wa juu, gawa kwa mbili. Hesabu ya mtoto! Ila namba kamili ya biti 32, yaani inayohifadhiwa kwa tarakimu 32 za sifuri na moja, haivuki 2,147,483,647. Jumla ikizidi hapo hugeuka hasi, na programu huanguka kwa kutafuta nafasi isiyokuwepo. Hilo hutokea orodha inapopita namba bilioni moja, na zamani nani alikuwa na kumbukumbu ya kubeba orodha hiyo? Dawa yake ni fupi: gawa kwa mbili tofauti ya mipaka, kisha ujumlishe na mpaka wa chini.

Kuna kundi jingine ambalo halilalamiki mapema: waliojifundisha kuandika programu kabla ya chuo. Muhula wa kwanza hupaa, na huwatisha wenzao bila kukusudia. Kizingiti chao ni hisabati, pale ninapowataka wathibitishe kwamba programu itatoa jibu sahihi kwa orodha yoyote ile. Wamezoea kuijaribu mara mbili tatu, ikikubali wanaendelea na mengine. Aliyeanza sifuri hana mazoea hayo ya kuyaacha, na darasani kwangu mara nyingi yeye ndiye hutangulia kuona kwamba majaribio elfu moja hayajagusa orodha ya elfu moja na moja.

Zana za akili mnemba nazo zimeingia. Sizikatazi. Lakini programu iliyotolewa nzima na zana ni ubao ule ule wa mhadhiri, umejaa majibu ya maswali ambayo hukuulizwa. Andika kwanza toleo lako bovu, ndipo ulinganishe.

Na kabla ya kugusa kibodi, chukua karatasi. Weka orodha ya namba tatu, kisha fuata thamani ya kila kigeu (jina linalobeba thamani ndani ya programu) mstari kwa mstari. Rudia kwa orodha tupu, kwa orodha ya namba moja, na kwa namba isiyomo kabisa. Inachosha, najua. Mtihani wangu pia ni wa karatasi, na kila muhula naambiwa hakuna mtu kazini anayeandika programu kwa kalamu. Ni kweli. Ila kwenye karatasi naona mahali ulipoukata mpaka wa kulia na kuuandika upya, na kwa mkato huo natoa alama hata kama jibu la mwisho halikutimia.